Kitu cheupe kwenye ufizi: kisa cha mtoto wa miezi 7 na "meno ya plastiki"

Kisa hiki ni cha mtoto wa kiume wa miezi 7, mzaliwa wa kwanza, aliyeletwa kliniki ya watoto kwenye kituo kimoja cha afya upande wa Mbagala, Dar es Salaam. Tulikijadili na wanafunzi wa uuguzi na ukunga ninaowasimamia fildi, na mama yake aliridhia kitumike kufundishia bila majina. "Meno ya plastiki" ni jina ambalo watu huupa mtuno mweupe kwenye ufizi wa mtoto, wakiamini si meno halisi, kwamba ndiyo yanayomletea homa na kuharisha, na kwamba yakitolewa atapona. Ukikisoma kisa hiki juujuu utadhani ni kisa cha mganga wa mtaani. Mimi nakisoma kama kisa cha mwanafunzi aliyeulizwa swali dogo, majibu yote anayo kichwani, lakini hakuna aliyewahi kumfundisha kuyaunganisha.

Yaliyotokea

Ilikuwa Jumatatu, siku ya kupima uzito. Mtoto alikuwa anaharisha tangu Ijumaa, mara nne au tano kwa siku, joto linapanda na kushuka, mate yanamtoka, kila anachoshika anakipeleka mdomoni. Uji alianzishiwa alipotimiza miezi 6, na ziwa la mama anaendelea nalo. Mzani ulisoma kilo 7.1, uzito uleule wa mwezi uliopita. Kuharisha pamoja na uzito uliosimama vilitosha kumtoa kwenye foleni na kumpeleka kwa tabibu siku hiyohiyo. Lakini foleni ilikuwa imefika nje ya geti, na mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyekaa mezani kujaza kadi alikuwa peke yake.

Mama akainama, akasema kwa sauti ya chini: "Nesi, samahani, hebu nichungulie humu. Bibi yake anasema ana meno ya plastiki."

Mwanafunzi akawasha tochi ya simu, akauinua mdomo wa juu wa mtoto. Fizi zilikuwa zimetuna kulia na kushoto, pale chonge zinapokuja kuota, na juu ya huo mtuno ufizi umepauka kuwa mweupe. Akasema alichokiona: "Ni kweli, kuna kitu cheupe kimevimba hapa." Kisha, kwa kuwa hakujua aongeze nini: "Labda umpeleke kwa daktari wa meno wakamwangalie." Akaandika uzito kwenye kadi, akaita anayefuata.

(Tuseme ukweli: kumwambia mama wa uswahilini mwenye mtoto anayeharisha aende kwa daktari wa meno, bila karatasi ya rufaa, bila kumwambia wapi wala siku gani, ni kumwambia kistaarabu arudi nyumbani.)

Akarudi nyumbani. Bibi alipouliza, jibu likawa jepesi: hata nesi ameyaona. Kesho yake asubuhi mtoto alipelekwa kwa mama mmoja mtaa wa pili, anayejulikana kwa kazi hiyo. Alitumia spoku ya baiskeli iliyochongwa ncha. Akatoa viwili vya juu, akasugua majani yaliyopondwa kwenye vidonda, akamwonyesha mama alivyotoa vikiwa kwenye kiganja: vyeupe, laini, vidogo kama punje za hindi bichi. Vya chini akasema atavitoa wakirudi.

Ijumaa mtoto akakataa ziwa. Jumamosi aliletwa kituoni akiwa amelegea, ana homa, mapigo ya moyo yanakimbia, viganja vimekuwa vyeupe, na kwenye ufizi kuna mashimo mawili yanayovuja damu iliyochanganyika na usaha. Kipimo cha haraka cha malaria kilikuwa hasi. Mtoto asiyeweza kunyonya ana dalili ya hatari kwa mujibu wa mwongozo wa kutibu magonjwa ya watoto, kwa hiyo hapakuwa na mjadala: alichomwa dozi ya kwanza ya antibayotiki, akapewa rufaa, akapandishwa gari. Hospitali ya rufaa aliongezewa damu na kuendelezwa na antibayotiki za mshipa. Kuharisha kulitibiwa kwa ORS na zinki, dawa ambazo angeweza kupewa Jumatatu akaondoka nazo.

Alipona. Ila kuna jambo ambalo wodini lilizungumzwa kwa kunong'ona. Spoku ile ilikuwa imeshapita kwenye vinywa vya watoto wengine. Dawa za kinga dhidi ya virusi vya Ukimwi zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72 tangu mtu alipojihatarisha, na huyu alifika siku ya nne. Kilichobaki ni kumpima na kumfuatilia. Kwa upande wa pepopunda bahati ilikuwa yake: kadi ilionyesha amemaliza dozi tatu za chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na kinga ya pepopunda imo humo ndani. Yuko mtoto mwingine mahali fulani Dar es Salaam ambaye kadi yake ina mapengo, na kwake hadithi ingekuwa tofauti.

Alichokiona mwanafunzi

Kwenye kikao sikuanza na mganga. Nilianza na mwanafunzi mwenyewe, mbele ya wenzake, kwa ridhaa yake. Nilimuuliza mtoto ana meno mangapi ya utoto. 20. Ya kwanza huota lini? Ya mbele ya chini, kuanzia miezi 6 hivi. Chonge je? Za juu miezi 16 hadi 22. Yote sahihi, tena bila kusita; mtihani wa anatomia alifaulu vizuri.

"Sasa mtoto akiwa na miezi 7, chonge lake liko wapi?"

Akanyamaza. Wenzake nao kimya. Kisha mmoja wa nyuma akasema, kama anayebahatisha, "Si litakuwa bado ndani ya ufizi?"

Ndilo hilo hilo. Chonge la utoto linaanza kujengeka mtoto angali tumboni, na linaanza kukomaa kwa madini karibu na katikati ya ujauzito. Sehemu yake ya juu, ile itakayoonekana mdomoni, inakamilika mtoto akiwa na takriban miezi 9. Maana yake mtoto wa miezi 5, 6 au 7 ana chonge ambalo ni kubwa vya kutosha kuutunisha ufizi lakini halijamaliza kukomaa. Halina mzizi. Ukilichokoa mapema hivyo, linatoka kitu kidogo, chepesi, ambacho hakifanani na jino lolote ulilowahi kuliona, na mtu yeyote asiye na elimu ya kinywa atakubali akiambiwa hilo si jino halisi. Mwanafunzi alijua jino linatoka lini. Hakuwahi kuulizwa kabla ya kutoka lilikuwa wapi na linaonekanaje.

Hasara haiishii kwenye jino la utoto. Chonge la ukubwani nalo linaanza kuweka madini kwenye miezi 4 au 5 baada ya kuzaliwa, likiwa jirani kabisa na lile la utoto, humohumo kwenye taya. Spoku haina macho ya kuchagua. Inaweza kulijeruhi la ukubwani likaja kuota na ganda la nje bovu, likaota upande, au lisiote kabisa. Chonge za juu za ukubwani hutoka kwenye miaka 11 au 12, kwa hiyo mama huyu atasubiri zaidi ya miaka kumi ajue mwanawe alipoteza nini asubuhi ile.

Hakuna jipya katika hili. Watafiti Hiza na Kikwilu walichapisha mwaka 1992 utafiti wao kuhusu watoto wa kijiji kimoja cha Tanzania waliokosa meno kwa sababu vichipukizi vyake viling'olewa. Uganda wanayaita ebiino, na mambo ni yaleyale. Na Dar es Salaam ndipo ilipo skuli ya tiba ya meno ya Muhimbili, inayofundisha madaktari wa meno wa nchi hii. Kutoka Muhimbili mpaka Mbagala ni safari ya daladala. Elimu hiyo imekaa miaka yote upande wa meno. Upande wa uuguzi na ukunga, ambako ndiko mama anauliza, imefika kidogo mno.

Kinywa tunachokifundisha

Ukimwambia mwanafunzi wa uuguzi akuonyeshe usafi wa kinywa, ataufanya vizuri mno: trei, kibakuli chenye umbo la figo, gozi, koleo, taulo chini ya kidevu, mgonjwa amegeuzwa upande asipaliwe. Hiyo ni huduma ya mgonjwa asiyejiweza. Ni muhimu, na inaokoa watu na nimonia. Lakini inamjengea mwanafunzi picha kwamba kinywa ni sehemu ya kusafishwa, na wanaohusika nacho ni wagonjwa wa kitandani. Vinywa atakavyokutana navyo kwa wingi kazini ni vya wajawazito na wachanga wenye afya zao, na mtu aliye mzima hakuna anayemwambia afungue mdomo.

Matokeo yake, mwanafunzi huyu alikuwa na maarifa ya aina mbili yasiyojuana. Yako ya darasani: idadi, majina, miezi ya kuota. Na yako ya nyumbani. Alitwambia mwenyewe, baada ya muda, kwamba mdogo wake aliwahi kutolewa "plastiki" na bibi yao akiwa mdogo, kwamba alipona, na kwamba hajawahi kusikia mwalimu yeyote akilitaja jambo hilo darasani, hata kwa kulikanusha. Alipoulizwa mezani, ya nyumbani ndiyo yaliyokuwa na picha. Akamulika tochi, akaona ile picha. Sidhani kama ni haki kumlaumu, ingawa wenzake wawili walitaka kufanya hivyo.

Kuna vitu vyeupe vingine ambavyo mwanafunzi anapaswa kuvitofautisha kwa macho, na nilivipitisha harakaharaka. Vijipele vyeupe vigumu kwenye kaakaa au fizi za kichanga wa siku chache ni vya kawaida, huisha vyenyewe ndani ya wiki au miezi michache. Utando mweupe kwenye ulimi na ndani ya mashavu, ukiufuta unaacha wekundu, ni fangasi na una dawa. Jino alilozaliwa nalo mtoto hutokea kwa nadra, na anayeamua litolewe au libaki ni mtu wa meno, maana likilegea sana mtoto anaweza kupaliwa nalo. Mtuno wa pande zote mbili mahali pa chonge, mtoto akiwa kwenye miezi 4 hadi 10 hivi, ni jino lililo njiani.

Kwa nini bibi anaaminika

Wanafunzi wengi hulimaliza jambo hili kwa kusema "ni imani potofu". Sipendi jibu hilo, kwa sababu linakufanya uache kuangalia.

Tuangalie kalenda. Mtoto akikaribia miezi 6, kinga aliyopewa na mama tumboni imepungua sana. Wakati huohuo anaanzishiwa uji, maji, vikombe na vijiko ambavyo usafi wake unategemea siku. Anaanza kutambaa na kuokota. Ndio umri ambao atapata homa na kuharisha kwake kwa kwanza, na ndio umri ambao fizi zimetuna. Bibi amelea watoto saba, ameviona vitu hivyo viwili vikija pamoja kila mara. Macho yake hayakosei. Kilichokosewa ni nani kamsababisha nani. Kuota meno kunaweza kumfanya mtoto alielie, atoe mate, atake kutafuna, hata apate joto kidogo. Homa kali na kuharisha siku tatu vina chanzo kingine, na kikiachwa bila kutafutwa ndicho kinachoua.

Halafu mtoto akitolewa, mara nyingi anapona. Kuharisha kwingi kwa watoto hukoma kwenyewe ndani ya siku chache, na siku hizo ndizo zinazofuata baada ya kwenda kwa mganga. Zaidi ya hayo mganga ana kitu cha kukuonyesha kwenye kiganja. Sisi tuna bango ukutani.

Na mganga ana muda. Mama alituambia kwamba yule mama wa mtaa wa pili alimkalisha, akamuuliza mtoto kalalaje, kanyonya mara ngapi, kinyesi kina rangi gani. Hayo ndiyo maswali yaliyotakiwa kuulizwa mezani Jumatatu.

Mwenzake wa kwenye benchi

Je, ilikuwa isemwe nini katika ile dakika moja? Tulijaribu sentensi nyingi kwa sauti, wanafunzi wakibadilishana nafasi ya mama na nesi, na nyingi zilikuwa ndefu au za kukaripia. "Acheni mambo ya kienyeji" ilikataliwa na wote, ingawa wote walikiri wameshaisikia kliniki. Iliyobaki ni hii:

"Mama, umefanya vizuri kuniuliza. Hili ni jino lake la chonge, liko njiani, litatoka akifika kama mwaka na nusu. Kila mtoto wa umri huu analo. Hebu tumwangalie na huyu mwenzake hapa. Kinachomharisha ni kitu kingine, na hicho tunakitibu leo kabla hujaondoka."

Sehemu yenye nguvu ni hiyo ya mwenzake. Siku ya kupima uzito benchi limejaa watoto wa miezi 5, 6, 8, wanene, wanacheka, hawana homa wala hawaharishi. Osha mikono, omba ruhusa ya mama wa pili, inua mdomo wa mtoto wake. Fizi zimetuna vilevile, zimepauka vilevile. Mama wa kwanza anajionea kwa macho yake kwamba kitu hicho kiko kwa mtoto mzima. Hakuna kipeperushi kitakachoshindana na hilo, na halina gharama yoyote.

Nimewabadilishia zoezi kwa sababu hiyo. Wiki ya kwanza ya kliniki ya watoto, kabla mwanafunzi hajashika kadi, anainua midomo ya watoto wazima na kuandika alichokiona: umri, upande gani umetuna, rangi gani. Haingizi kidole, hakandamizi, anatazama tu. Baada ya watoto kadhaa anaacha kushtuka.

Wakati wa kulisema jambo hili nao una mpangilio wake. Baada ya chanjo ya wiki ya 14, chanjo kubwa inayofuata ni ya surua na rubela miezi 9. Katikati hapo mama anakuja kupima uzito tu, na wengine hawaji kabisa. Pengo hilo linaangukia hasa kwenye miezi ambayo chonge zinatuna na tumbo linaanza kuchafuka. Mkunga anayesubiri aulizwe atakuwa amechelewa. Wiki ya 14 ndipo pa kusema: "Karibu na miezi 6 utaona fizi zimetuna hapa na hapa. Akiharisha mlete."

Ujauzito wake

Mama alituambia jambo jingine bila kuulizwa. Alipokuwa mjamzito fizi zilimtoka damu kila alipopiga mswaki, akaogopa, akaacha kupiga mswaki hadi alipojifungua. Kliniki hakumwambia mtu. "Nilijua kinywa si mambo ya kliniki," alisema.

Homoni za ujauzito huzifanya fizi zivimbe na kutoka damu kirahisi kwa utando wa uchafu uleule ambao zamani haukuzisumbua. Dawa yake ni kupiga mswaki zaidi, kwa mswaki laini, na kumwona mtu wa meno. Matibabu ya meno yanaruhusiwa wakati wa ujauzito, na miezi ya katikati ndiyo yenye nafuu kwake kukaa kwenye kiti. Dawa za jamii ya tetrasaiklini ndizo za kuepuka, maana huyatia madoa meno ya mtoto. Mkunga angemuuliza mara moja tu, "Fizi zinatoka damu?", mama huyu angejua mapema kwamba mdomo nao unaulizwa kliniki. Pengine Jumatatu ile asingeuliza kwa kunong'ona.

Yaliyobaki bila mwafaka

Tulibishana kuhusu kumripoti yule mama wa mtaa wa pili kwa mtendaji. Baadhi walisema ni lazima, amemjeruhi mtoto. Muuguzi mfawidhi aliona akikamatwa mmoja, wengine wataendelea kwa siri, na wakina mama watachelewa zaidi kuwaleta watoto wakiharibikiwa. Mimi niko na wanaotaka ripoti, kwa sababu ya spoku. Lakini hoja ya mfawidhi nimeshindwa kuijibu sawasawa.

Mtoto alirudi alipofikisha miezi 9 kwa chanjo ya surua na rubela, uzito umepanda, safari hii amebebwa na bibi mwenyewe. Mwanafunzi alikuwa bado fildi. Akamwamkia, akampisha kiti, akaomba kumwangalia mjukuu mdomoni. Makovu ya juu yamefunga. Fizi za chini zimetuna pande zote mbili.

"Bibi, tazama. Haya ya chini yapo, na mtoto haharishi."

Bibi alitazama kwa makini. Kwa maelezo yake mtoto alipona kwa sababu ya juu yalitolewa, hospitali walitibu kidonda tu. Na haya ya chini?

"Hayo ni mengine," alisema, akachukua kadi yake.

Hajayapeleka kutolewa. Chanjo ya pili ya surua ni miezi 18, umri ambao chonge za chini zinakaribia kuchomoza, na kwenye kadi mwanafunzi ameandika kwa kalamu nyekundu: aangaliwe kinywa, apelekwe idara ya meno.